Herbert Paul Grice (1913–1988): Maana ya Neno na Maana ya Msemaji

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wataalamu wa karne ya 20 walioshughulikia suala la maana, Herbert Paul Grice ana nafasi ya pekee. Hakuwa mwanaisimu. Alikuwa mwanafalsafa aliyelelewa katika masomo ya Kigiriki na Kilatini, mwandishi mzito wa kutoa kazi zake, ambaye kitabu chake cha kwanza kilichapishwa mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hata hivyo, ni vigumu leo kuifundisha pragmatiki katika chuo kikuu chochote bila kulitaja jina lake katika wiki za mwanzo.

Swali lililomshughulisha kwa takriban miaka 40 ni rahisi kuliuliza. Katika mazungumzo ya kila siku, msikilizaji huelewa mengi kuliko yaliyotamkwa. Mgeni akisema kuwa kuna joto, mwenyeji hufungua dirisha. Mzazi akiulizwa kama watoto wake wamefaulu, naye akajibu kuwa baadhi yao wamefaulu, muulizaji huondoka akiamini kuwa wako walioshindwa, ingawa hilo halikusemwa. Je, ziada hiyo imo ndani ya maneno yenyewe? Imo katika nia ya msemaji? Au imo katika mazoea ya jamii inayoitumia lugha hiyo?

Makala haya yanaeleza maisha ya Grice kwa kulifuata swali hilo tangu lilipozaliwa hadi lilipomwachia wengine. Aidha, yanaonyesha jinsi jibu lake linavyosimama, na mahali linapoyumba, linapokabiliwa na lugha ya Kimalagasi na lugha ya Kiswahili.

2.0 Malezi na Elimu

Grice alizaliwa tarehe 13 Machi 1913 huko Harborne, katika jiji la Birmingham, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyependa muziki kuliko biashara, na mama yake aliendesha shule ndogo nyumbani. Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na madhehebu matatu: baba alifuata Uprotestanti uliojitenga na kanisa rasmi la Uingereza, mama alifuata mrengo wa Kianglikana unaothamini ibada na mapokeo, na shangazi mmoja aliyeishi nao alikuwa ameingia Ukatoliki. Mabishano ya dini yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Katika uzee wake Grice aliyataja mabishano hayo kuwa chanzo cha tabia yake ya kutokubali jambo kwa sababu tu limepokewa na wengi.

Alisoma katika shule ya Clifton, Bristol, na mwaka 1931 akapata ufadhili wa kusoma katika chuo cha Corpus Christi, Oxford. Huko alifuata mtaala wa zamani uliounganisha lugha za kale, historia na falsafa, akamaliza mwaka 1935 kwa daraja la kwanza. Mlezi wake wa masomo alikuwa W. F. R. Hardie, bingwa wa falsafa ya Kiyunani, aliyemfunza kuwa hoja haishindwi kwa kelele wala kwa haraka, bali kwa kuijaribu hatua moja baada ya nyingine. Wale waliosoma kwa Grice mwenyewe baadaye walikutana na uvumilivu huohuo, pamoja na ukaidi ulioambatana nao.

Baada ya kufundisha kwa mwaka mmoja katika shule ya Rossall, kaskazini mwa Uingereza, alirudi Oxford. Alikaa miaka miwili katika chuo cha Merton akiwa msomi mwenye ufadhili, kisha mwaka 1938 akaingia chuo cha St John's, ambako mwaka 1939 alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa jopo la walimu. Alidumu hapo hadi mwaka 1967. Makala yake ya kwanza muhimu, kuhusu kinachomfanya mtu abaki kuwa mtu yuleyule kadiri muda unavyopita, yalitoka katika jarida la Mind mwaka 1941.

Wakati huo vita vilikuwa vimeshapamba moto. Grice alitumikia Jeshi la Majini la Uingereza kwa karibu miaka mitano, kwanza katika Bahari ya Atlantiki na baadaye katika idara ya ujasusi ya makao makuu ya jeshi hilo. Mwaka 1942 alimwoa Kathleen Watson, nao wakajaliwa watoto wawili. Nje ya kazi alikuwa mpiga piano, mcheza sataranji na karata, na mchezaji wa kriketi aliyefikia kuichezea timu ya jimbo la Oxfordshire. Mavazi hakuyajali, na hilo lilijulikana na kila aliyepita Oxford wakati wake.

3.0 Jumamosi za Austin

Vita vilipokwisha, falsafa ya Oxford ilitawaliwa na J. L. Austin (1911–1960). Kila Jumamosi asubuhi katika muhula, Austin aliwakusanya walimu waliokuwa wadogo kwake ili kuchunguza maneno ya kawaida. Imani iliyowaongoza ilikuwa kwamba lugha ya watu wa kawaida imehifadhi tofauti ambazo vizazi vingi vimeona zinafaa kuhifadhiwa, na kwamba mwanafalsafa anayetaka kuelewa uwajibikaji, ujuzi au uoni, sharti kwanza achunguze jinsi watu wanavyoyatumia maneno hayo.

Grice alihudhuria vikao hivyo na kuvithamini. Kabla ya vita Austin alikuwa na mduara mwingine wa vijana mashuhuri, ambao Grice hakuwamo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kuwa asili yake ya mkoani ilimweka mbali na watu wa aina hiyo. Sasa alikuwa ndani, lakini akiwa na shaka. Inasimuliwa kwamba siku moja aliwaambia wenzake kuwa hajali kamusi inasema nini, na Austin akamjibu kuwa hapo ndipo anapokosea. Kisa hicho ni kidogo, lakini kinaonyesha mahali walipoachana. Kwa Austin, namna neno linavyotumika ilikuwa njia kuu ya kuifikia maana yake. Kwa Grice, matumizi yalikuwa mchanganyiko wa vitu viwili vilivyohitaji kutenganishwa: kile neno linachokibeba lenyewe, na kile mtu anachokifanya kwa kulitamka mahali fulani, mbele ya mtu fulani.

4.0 Insha ya Mwaka 1948

Hatua ya kwanza ya utenganisho huo ilikuwa insha fupi kuhusu maana, iliyosomwa mbele ya chama cha falsafa cha Oxford mwaka 1948. Grice alianza kwa kutofautisha aina mbili za maana. Vipele fulani humaanisha surua. Mawingu mazito humaanisha mvua. Hapa hakuna aliyekusudia lolote, na kama surua haipo, basi vipele havikuimaanisha. Kwa upande mwingine, kondakta akipiga kengele mara tatu kumaanisha kuwa basi limejaa, huenda basi halijajaa, lakini kengele bado imemaanisha hivyo. Aina ya kwanza aliiita ya kimaumbile, na ya pili isiyo ya kimaumbile. Yafaa ieleweke kuwa neno maana katika Kiswahili hubeba aina zote mbili, tena huvuka na kuwa kiunganishi cha sababu, kama mtu anaposema kuwa hakuja maana alikuwa mgonjwa. Hivyo basi, mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu zake mwenyewe za kuuhitaji utenganisho huo.

Aina ya pili ndiyo iliyomvutia Grice. Alidai kuwa mtu humaanisha jambo pale anapokusudia kumfanya msikilizaji aamini au atende jambo fulani, anapokusudia pia kwamba nia hiyo itambuliwe, na anapokusudia kuwa kutambuliwa kwa nia ndiko kutakakoleta matokeo. Mfano wake mmoja unaeleza vyema sharti hilo la pili. Mtu akiidondosha leso ya mwenzake mahali palipotokea mauaji ili polisi wamshuku mwenzake huyo, anakusudia polisi waamini jambo fulani, lakini hakumaanisha lolote kwa leso hiyo. Mpango wake unafaulu tu iwapo nia yake itabaki sirini. Kumaanisha, kwa Grice, ni jambo la uwazi.

Insha hiyo ilikaa miaka tisa bila kuchapishwa. Grice alikuwa na kawaida ya kuona kasoro katika kazi yake kabla ya wengine kuziona, na ya kungoja hadi aziondoe zote. Inasimuliwa kwamba ilifikishwa kwa jarida na P. F. Strawson, aliyekuwa mwanafunzi wake na kisha rafiki yake, na kwamba mwenyewe aliarifiwa baada ya kukubaliwa. Ilitoka mwaka 1957. Kurasa hizo chache zilizua mjadala ambao haujafungwa hadi sasa.

5.0 Mwalimu Dhidi ya Mwanafunzi

Strawson huyohuyo ndiye aliyekuwa upande wa pili wa hoja iliyofuata. Mwaka 1956 wawili hao waliandika pamoja makala maarufu ya kuitetea tofauti kati ya ukweli unaotokana na maana ya maneno na ukweli unaotokana na hali ya ulimwengu. Lakini juu ya mantiki walitofautiana. Katika kitabu chake cha mwaka 1952, Strawson alidai kuwa alama za mantiki haziwakilishi sawasawa maneno ya lugha ya kila siku. Kwa mfano, alama ya mantiki ya muungano haijali mpangilio wa matukio, ilhali anayesema kuwa watu fulani walioana na kupata mtoto hueleweka kuwa ndoa ilitangulia. Alama ya uchaguzi haijali msemaji anajua nini, ilhali anayesema kuwa mwalimu yuko darasani au ofisini hueleweka kuwa hajui ni wapi hasa.

Kilichokuwa hatarini kilikuwa kikubwa kuliko viunganishi viwili. Kama kila kinachoeleweka katika matumizi ni sehemu ya maana ya neno, basi maana za neno moja zingeongezeka bila kikomo, kamusi isingeweza kuandikwa, na hoja nyingi za kifalsafa zingezimwa kwa kusema tu kwamba watu hawasemi hivyo. Katika makala yake ya mwaka 1961 kuhusu nadharia ya uoni, Grice alitoa mfano wa namna hiyo. Wako waliodai kuwa mtu hawezi kusema kitu kinaonekana chekundu isipokuwa pana shaka kuhusu wekundu wake, na kwa hiyo shaka ni sehemu ya maana ya kuonekana. Grice alikataa. Alikubali kuwa anayesema hivyo hudokeza shaka, lakini akaonyesha kuwa dokezo hilo linaweza kuondolewa bila maneno kujipinga: mtu anaweza kusema kuwa kitu kinaonekana chekundu, tena ni chekundu kweli. Kinachoweza kuondolewa hivyo, alisema, hakimo katika maana ya neno. Kimeongezwa na tendo la kulisema.

Katika makala hayohayo alitaja mifano ya aina nyingine, kama vile kumwambia mtu kuwa fulani ameacha kumpiga mkewe, jambo linalochukulia kuwa alikuwa akimpiga, na kueleza kuwa mtu fulani ni maskini lakini mwaminifu. Mfano huu wa pili ulionyesha kuwa yako madokezo yanayoshikamana na neno lenyewe: ondoa lakini, weka na, nalo dokezo la kuwa umaskini na uaminifu haviendi pamoja hutoweka. Kwa hiyo Grice hakudai kuwa kila kisichosemwa kinatoka nje ya maneno. Alidai tu kuwa ni lazima kuuliza, katika kila hali, kinatoka wapi.

6.0 Mihadhara ya Harvard

Mwaka 1967 Grice alialikwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kutoa mihadhara ya heshima ya William James, ileile ambayo Austin aliitoa mwaka 1955. Hapo ndipo alipoyaeleza mawazo yake kwa utaratibu.

Alianza na wazo kuwa mazungumzo si maneno yaliyorundikana. Ni shughuli ya pamoja yenye lengo ambalo washiriki wanalitambua kwa kiasi fulani, na kila mmoja hutarajiwa kuchangia inavyofaa mahali mazungumzo yalipofikia. Hii aliiita kanuni ya ushirikiano. Chini yake aliweka makundi manne ya kaida, akiazima majina ya makundi hayo kutoka kwa Kant. Kaida za kiasi humtaka msemaji atoe taarifa zinazotosha bila kuzidisha. Kaida za ubora humtaka asiseme anachoamini kuwa ni uongo wala asichokuwa na ushahidi nacho. Kaida ya uhusiano humtaka aseme yanayohusika. Kaida za namna humtaka awe wazi, mfupi na mwenye mpangilio.

Upya wa nadharia hii haukuwa katika kaida zenyewe, kwani kila mzazi huzifunza kwa mtoto. Ulikuwa katika kuonyesha kinachotokea kaida inapoelekea kuvunjwa huku msikilizaji akiendelea kuamini kuwa msemaji anashirikiana naye. Mwalimu anayeandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwa kazi ya falsafa, akataja tu kuwa kijana huyo anaijua lugha vizuri na huhudhuria vipindi, ametoa taarifa pungufu mno. Haiwezekani kuwa hana zaidi ya kusema, maana ni mwalimu wake. Haiwezekani kuwa hataki kusaidia, maana ameandika. Basi lazima anataka kusema jambo asilotaka kuliandika: mwanafunzi hafai. Hitimisho la namna hii Grice aliliita kwa neno jipya alilolibuni, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa kidokezo cha mazungumzo.

Alitaja pia sifa za kukitambua. Kidokezo cha mazungumzo huweza kufutwa bila msemaji kujipinga. Kwa kawaida hakibanduki kwa kubadilisha maneno yenye maana ileile. Na sharti kiweze kukokotolewa hatua kwa hatua kutokana na kilichosemwa, kaida, na muktadha. Kwa sifa hizo alijibu hoja ya Strawson. Mpangilio wa matukio na kutojua kwa msemaji havikuwa ndani ya viunganishi. Vilikokotolewa na msikilizaji. Kutokana na hayo aliweka tahadhari moja ya kimbinu: maana za neno zisiongezwe pasipo lazima.

Kwa kawaida yake, hakuichapisha mihadhara hiyo. Nakala zilizopigwa chapa zilipita mkono kwa mkono, hasa miongoni mwa wanaisimu wa Marekani, waliokuwa wakigombana wakati huo kuhusu ni kiasi gani cha maana kiingizwe katika sarufi. Wengine walikuwa wamejaribu kuvitia vidokezo vyote ndani ya muundo wa sentensi. Grice aliwapa njia ya kuvitoa. Mhadhara wa pili, unaohusu mantiki na mazungumzo, ulitolewa mwaka 1975 katika mikusanyo miwili, na sehemu nyingine mwaka 1978. Kabla ya hapo, mwaka 1968 na 1969, alikuwa ametoa makala mawili yaliyojaribu kuijenga maana ya neno na ya sentensi juu ya nia za wasemaji: kwamba neno lina maana fulani kwa kuwa watu wana utaratibu wa kulitumia kwa nia fulani.

7.0 California

Mwaka huohuo wa 1967 Grice aliiacha Oxford, akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikobaki hadi mwisho wa maisha yake. Huko alikuwa karibu na wanamantiki na wanaisimu kuliko alivyowahi kuwa, na alikuwa mwenzake John Searle, aliyekuwa akiiendeleza nadharia ya matendo uneni iliyoanzishwa na Austin.

Wengi waliomsoma kwa ajili ya isimu hawakujua kuwa lugha ilikuwa sehemu moja tu ya mradi wake. Alichokitafuta kilikuwa asili ya urazini: kwa nini viumbe wanaofikiri hutoa na kudai sababu. Kaida za mazungumzo kwake hazikuwa adabu za kundi fulani la watu. Zilikuwa tawi la jambo pana zaidi, yaani namna yoyote ya watu wenye akili kufanya kazi pamoja. Mwaka 1979 alirudi Oxford kutoa mihadhara ya John Locke kuhusu urazini, na mwaka 1983 alitoa mihadhara ya Carus kuhusu thamani. Yote mawili yalichapishwa baada ya kifo chake, ya Carus mwaka 1991 na ya Locke mwaka 2001.

8.0 Pingamizi kutoka Bukini

Dai la kuwa kaida ni tawi la urazini lina gharama yake. Ikiwa ni hivyo, zinapaswa kufanya kazi kila mahali penye watu. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia wa lugha Elinor Ochs Keenan alitoa makala yaliyolijaribu dai hilo kwa kutumia utafiti alioufanya katika kijiji cha nyanda za juu za Bukini, yaani Madagascar.

Keenan alieleza kuwa katika kijiji hicho taarifa mpya ni adimu, na anayeimiliki hupata hadhi. Kwa hiyo hana haraka ya kuitoa. Aidha, kutamka jambo waziwazi kunaweza kumtia mtu hatiani iwapo jambo hilo litaleta madhara, na kumtaja mtu kwa jina huweza kumweka hatarini. Hivyo, kijana akiulizwa mama yake yuko wapi, anaweza kujibu kuwa yuko nyumbani au sokoni, wala msikilizaji hatahitimisha kuwa kijana hajui. Ni mfano uleule wa kiunganishi cha uchaguzi, lakini kidokezo hakipo.

Pingamizi hili ni zito, na pia huzidishwa uzito na baadhi ya wanaolinukuu. Wanakijiji wa Keenan hawakosi kukokotoa. Wanakokotoa kwa kuanzia na matarajio mengine kuhusu kiasi cha taarifa ambacho mtu anadaiwa kukitoa. Keenan mwenyewe hakuitupa nadharia. Aliona kuwa inafaa kuwa kipimo ambacho kwacho jamii mbalimbali zinaweza kulinganishwa. Kinachoanguka ni ile dhana kuwa kiwango cha kaida ya kiasi kinaweza kuwekwa na akili peke yake. Kiwango hicho huwekwa na jamii, na mtafiti hana budi kwenda kukiangalia.

9.0 Kipimo cha Kiswahili

Kiswahili kinatoa ushahidi wa pande zote mbili. Kwanza, kinaunga mkono hoja ya Grice kuhusu mpangilio wa matukio. Anayesema kuwa Juma aliuza shamba na alinunua gari hueleweka kuwa shamba liliuzwa kwanza, pengine hata kuwa fedha za shamba ndizo zilizonunua gari. Lakini anaweza kuongeza kuwa gari ndilo lililotangulia, wala hatakuwa amejipinga. Anayesema kuwa Juma aliuza shamba akanunua gari hana nafasi hiyo. Mofimu -ka- imebeba mfuatano ndani ya sarufi, na kuufuta ni kujipinga. Lugha iliyo na njia ya kisarufi ya kutia alama mfuatano inaonyesha wazi kuwa kiunganishi chake na hakina mfuatano huo ndani yake. Kipimo cha ufutikaji, kilichobuniwa kwa Kiingereza, hapa kinafanya kazi vizuri kuliko kilikozaliwa.

Pili, salamu za Kiswahili zinazikabili kaida za ubora. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu kuwa ni nzuri, kisha huongeza kuwa mtoto analazwa hospitali, au hata kuwa pana msiba. Aliye hoi kitandani hujibu kuwa hajambo. Kwa kaida za Grice hili lingekuwa uongo, au lingekuwa uvunjaji wa makusudi unaodokeza jambo. Kwa wasemaji wa Kiswahili si lolote kati ya hayo. Jibu la kwanza limekamilisha wajibu wa kuheshimiana, na taarifa huanzia baada ya neno ila au lakini. Hapa maana ya neno nzuri haikubadilika. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na zamu ya kwanza ya mazungumzo.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, ni mafumbo. Methali ya Waswahili hushauri kuwa fumbo afumbiwe mjinga, kwani mwerevu atalitambua. Mwanamke wa pwani anayejifunga kanga yenye maandishi ya kumsuta jirani anakusudia jirani aelewe, na anakusudia atambue kuwa amekusudiwa. Lakini akiulizwa, ana haki ya kusema kuwa alinunua nguo tu, na muulizaji ndiye atakayeonekana mgomvi. Nia yake haiko wazi kama ya kondakta wa basi, wala haiko sirini kama ya aliyedondosha leso. Inajulikana na wote, na haikubaliki kutamkwa. Uchambuzi wa mwaka 1948 uliitaka nia iwe ya uwazi. Fumbo linadai hali ya tatu, ambamo kutambuliwa na kukanwa vinakusudiwa kwa pamoja. Vidokezo vya Grice huweza kukanwa kwa kuwa havimo katika maneno. Fumbo limeufanya uwezekano huo wa kukana kuwa ndio kiini chake.

10.0 Miaka ya Mwisho na Hitimisho

Grice alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini hakuacha kufundisha. Mwaka 1986 wenzake walimtolea kitabu cha heshima, ambacho herufi za mwanzo za maneno makuu ya jina lake zinaunda P. Grice. Ndani yake mwenyewe aliandika maelezo marefu ya maisha na mawazo yake, yakiwa ni karibu taarifa pekee aliyoacha kuhusu nafsi yake. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Katika miaka hiyo aliikusanya mihadhara ya Harvard na makala yake mengine, akaongeza hitimisho refu la kuyatazama upya. Alifariki huko Berkeley tarehe 28 Agosti 1988. Kitabu hicho, Studies in the Way of Words, kilitolewa na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka uliofuata.

Warithi wake walikwenda njia mbalimbali. Dan Sperber na Deirdre Wilson, mwaka 1986, walizipunguza kaida zote hadi msingi mmoja wa uhusika. Laurence Horn na Stephen Levinson walizipanga upya. Penelope Brown na Levinson walizitumia kuwa msingi ambao juu yake adabu huonekana kuwa sababu ya kuziacha. Wote walikubaliana naye juu ya jambo moja: kuwa kilichosemwa na kilichodokezwa havina budi kutenganishwa kabla lolote halijaelezwa.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, urithi huu ni chombo na pia ni deni. Ni chombo kwa mtunga kamusi anayejiuliza kama neno lina maana tatu, au lina maana moja na vidokezo viwili; swali lake la kwanza liwe kama kile anachotaka kukiorodhesha kinaweza kufutwa bila kujipinga. Ni deni kwa sababu kaida zilizoandikwa Oxford na Harvard zilikadiriwa kwa mazungumzo ya watu wa huko. Kiwango cha taarifa kinachodaiwa katika salamu, katika posa, katika kutoa habari za msiba au katika kumkanya mtu mzima bado kinahitaji kuchunguzwa kwa mifano halisi, barazani na sokoni. Grice alionyesha jinsi msikilizaji anavyokokotoa. Anakoanzia hesabu hiyo ni jambo ambalo kila jamii ya wasemaji italieleza kwa lugha yake.